Gunia Mnalipima Ninyi, Kofia Tunabeba Sisi: Barua ya wazi kuhusu kikomo cha mikopo ya udaktari

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Elimu, Afya na Fedha,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu,
Waheshimiwa Wabunge wa Nyanda za Juu Kusini.

YAH: KIKOMO CHA MIKOPO NA GHARAMA ZA KUMSOMESHA DAKTARI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na sasa ni mkulima wa viazi huku Umalila, mkoani Mbeya. Nimeandika barua nyingi za kiserikali maishani mwangu, nyingi za kuomba chaki na madawati, na nyingi hazikujibiwa. Hii naiandika wazi, ili hata isipojibiwa wajue watu kwamba iliandikwa.

Naomba nianze na gunia. Mtaona linakoelekea.

Dalali akija shambani na Fuso yake, gunia la viazi halifungwi mdomoni. Vijana wanalijaza mpaka juu, kisha wanashonea kipande cha gunia jingine pale mdomoni na kuendelea kupanga viazi kimoja kimoja, kwa ustadi wa fundi anayepanga mawe ya msingi. Wakimaliza, wanalifunga kwa kamba kwa kupishanisha, na gunia linabaki limesimama limevaa kofia. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na marufuku ya lumbesa nimeyasikia tangu ningali na nywele nyeusi. Lakini pale shambani mnalipana bei ya gunia moja. Kofia haimo kwenye hesabu. Kofia ni jasho la mkulima.

Sasa, mkopo wa mwanafunzi wa udaktari katika chuo binafsi una umbo hilo hilo. Serikali inapima gunia na kulilipia. Kofia anaibeba mzazi.

Binti yangu yuko mwaka wa tatu. Alisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akafaulu, lakini nafasi za udaktari kwenye vyuo vya umma ni chache na wanaozitaka ni wengi. Ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa hapa Mbeya, wanafunzi wake tunawaona na makoti yao meupe pale hospitali ya Rufaa, na mama yake alishaanza kuota kwamba mtoto atakuwa anarudi nyumbani mwisho wa wiki kuchukua viazi. Haikuwa hivyo. Alipata chuo binafsi, mkoa mwingine, na ada yake ya mwaka inazidi kwa mbali kile ambacho mkopo umeruhusiwa kulipa. Mkopo anaupata, nashukuru, na kusema kweli bila huo asingevuka hata mwaka wa kwanza. Ila una kikomo, na chuo hakina kikomo.

Mke wangu ana daftari la kaunta anamoandika gharama za huyu mtoto. Haandiki shilingi, anaandika magunia, kwa sababu shilingi haituambii kitu mpaka tujue bei ya viazi wiki hiyo. Mwaka wa kwanza: gunia 40. Mwaka wa pili: gunia 51. Mwaka huu wa tatu hatujamaliza na tumeshafika gunia 62. Mtoto ni yule yule, chuo ni kile kile, shamba halijaongezeka hata futi moja.

Na kofia yenyewe haiji kwa mkupuo, ingekuja kwa mkupuo tungejua namna ya kuipokea. Inakuja vipande vipande. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400. Shilingi 20,000 za udhibiti ubora zinazokwenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kitambulisho. Serikali ya wanafunzi. Ada ya mitihani, kana kwamba ada ya kwanza ilikuwa ya kukaa tu. Koti jeupe, kisha koti la pili kwa sababu la kwanza limemwagikiwa dawa maabara. Stethoskopu, na hapo nilijifanya mjanja, nikamwambia aazime kwa mwenzake. Akaniambia, "Baba, kwani wewe ulikuwa unafundisha kwa kuazima chaki?" Nikanunua.

Kuhusu bumu, ile posho ya kujikimu iliyomo kwenye mkopo, nina neno moja tu. Kutoka shilingi 8,500 kwa siku kwenda 10,000, mwaka wa masomo 2022/23, tulishangilia na sitajifanya nimesahau. Lakini ndani ya hiyo 10,000 kuna chumba, maji, wali maharage na daladala ya kwenda hospitali ya kujifunzia. Anayeingia wodini alfajiri na kutoka usiku hapiki, ananunua.

Niwasimulie Februari ya mwaka jana, kisha niende kwenye hoja. Wiki moja kabla ya mitihani, chuo chake, ambacho sitakitaja, kilibandika ubaoni orodha ya wasiopewa namba ya mtihani kwa sababu ya deni la ada. Jina lake lilikuwemo. Viazi vyetu vilipandwa mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo Februari vilikuwa bado vinakunywa mvua. Tukavichimba hivyo hivyo vichanga. Dalali alipofika akachukua kimoja, akakipitishia kidole gumba, ngozi yote ikavuka. Akacheka. "Mwalimu, hivi si viazi, haya ni mayai." Akashusha bei, na juu ya bei iliyoshuka akaongeza kofia. Kwenye barabara ya kushukia Mbalizi, Fuso ikazama kwenye matope na kulala hapo usiku mzima, nami nikalala humo juu ya magunia, kwa sababu sikuwa na uhakika kama dalali angekumbuka ni mangapi. Fedha zilifika kwa wakala wa benki Mbalizi siku ya mwisho, saa tisa alasiri. Mtoto akapewa namba. Famakolojia, somo la dawa, akapata sapu, yaani arudie mtihani, na sikuthubutu kumgombeza. Wiki nzima ambayo wenzake walikuwa wanasoma, yeye alikuwa anapiga simu nyumbani kuuliza habari za matope.

Sasa hoja yenyewe. Nina mpwa wangu anauza vipuri Mwanjelwa, kijana msomaji, akikaa na simu yake anaijua dunia kuliko redio. Ndiye aliyeniletea habari za Marekani. Huko, tarehe 4 Julai 2025, ilisainiwa sheria inayobana mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa shahada za juu. Zamani mwanafunzi wa udaktari aliweza kukopa serikalini mpaka gharama yote ya chuo iishe, kwa mpango walioubatiza Grad PLUS. Mpango huo unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na badala yake kuna kikomo: dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa masomo yote ya udaktari. Kwa fedha zetu ni karibu nusu bilioni ya shilingi, nami mpwa alipoitaja nilimwomba airudie.

Msingi wa wazo hilo ni wa siku nyingi. Mwaka 1987 William Bennett, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, aliandika gazetini kwamba misaada ya serikali ndiyo inayovipa vyuo jeuri ya kupandisha ada. Serikali ikilipa bila kuuliza, chuo kitapandisha bila kuona haya. Kwa hiyo bana mkopo, ada itashuka yenyewe. Mpwa wangu akamalizia: "Mjomba, na huku wakibana zaidi vyuo si vitashuka?"

Siidharau hoja hiyo. Mimi ni mkulima, najua bei inavyopanda mnunuzi akionekana ana fedha. Lakini nilimuuliza swali ambalo nawauliza na ninyi: sisi si tuna kikomo tangu zamani? Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka uliofuata, na kwa miaka mingi sasa mkopo wa ada umepimwa kwa hali ya familia na kwa ukomo uliowekwa. Kama kubana kungeshusha ada, ada za udaktari za vyuo binafsi hapa nchini zingekuwa zimeshalala chini zinakoroma. Mimi nimeziona zikipanda tu.

Nadhani sababu haiko mbali. Wanaotaka udaktari ni wengi kuliko viti, na kiti ambacho mtoto wa Umalila ameshindwa kukilipia hakibaki wazi hata wiki, anakikalia mwingine mwenye baba wa mjini. Chuo hakioni hasara yoyote, kitashushaje? Halafu tuseme ukweli, kumfundisha daktari ni ghali kweli, si ulafi mtupu. Nimefundisha watoto 90 kwenye darasa moja kwa ubao mmoja. Huwezi kuwapeleka wanafunzi 90 kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa. Kuna maabara, kuna miili ya kujifunzia, kuna daktari bingwa anayesimama na watoto wachache kila asubuhi. Gharama hiyo ipo, na ukikata mkopo hujaikata gharama, umemhamishia mtu mwingine. Umeongeza kofia.

Hata huko Marekani wasiwasi ni kwamba wanaofikia kikomo watakwenda kwenye mabenki binafsi yenye riba na masharti ya mdhamini. Sisi huku hatuna hata hayo mabenki ya kumkopesha mtoto wa mkulima asome. Tunakimbilia vikoba, na vikoba vikiisha, kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonga. Jirani yangu mmoja amesomesha tabibu kwa kausha damu, na hadi leo akisikia pikipiki inasimama nje anaingia chooni.

Mpwa alikuwa na mfano wa chuo kilichofuta ada kabisa, akidhani amenishinda. Ni kweli: Februari 2024 chuo cha udaktari cha Albert Einstein kule New York kilifuta ada baada ya Ruth Gottesman, profesa wake wa zamani, kukipa dola bilioni moja alizoachiwa na marehemu mumewe. Nikamwambia, mwanangu, hapo ada haikushushwa na kikomo, imeshushwa na mjane. Wajane wetu wa Umalila ndio hao wanaodaiwa vikoba.

Kuna jambo moja la Marekani ambalo hakuniletea, nimelitafuta mwenyewe. Tangu mwaka 1970 wana sheria iliyozaa mpango wa kupeleka madaktari kwenye maeneo yenye uhaba. Anayekubali kwenda hulipiwa masomo au hupunguziwa deni. Tukiwa watu wa kuiga, basi tusichague kuiga mkasi peke yake.

Maana hapa ndipo ninapoona jambo hili linawahusu hata wasio na mtoto chuoni. Zahanati yetu ina tabibu na muuguzi, watu wazuri, wanafanya wanachoweza. Mjamzito akikwama anateremshwa hospitali ya Ifisi pale Mbalizi, na ikibidi anapelekwa hospitali ya wazazi ya Meta mjini. Usiku wa masika safari hiyo inaanza kwa pikipiki, mama katikati, ndugu nyuma amemshika. Daktari wa kukaa karibu zaidi na hapo atatoka wapi? Sitegemei atoke kwa mtoto aliyekulia kwenye lami, ingawa wapo wachache, Mungu awabariki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 wa namna ya kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, lilishauri vyuo vichukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi. Binti yangu anajua baridi ya Umalila ya Juni, anajua Kimalila, anajua bibi akisema "moyo unaniwaka" anazungumzia tumbo. Kikomo chenu hakimchuji mwanafunzi mzembe. Kinamchuja huyu.

Mimi nilisomeshwa ualimu bure. Nilipewa godoro, blanketi na nauli. Mwenzangu wa darasa la saba akaenda JKT, akaenda Muhimbili, akawa daktari, na baba yake hakuuza hata debe la mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tukaambiwa tuchangie, na niliwaelewa wakati ule, nchi ilikuwa na hali ngumu. Sijaandika kuomba bure irudi. Deni la haki mtoto atalilipa, nami nitamkumbusha.

Ila hesabu ya kulipa nayo ina kasoro kwa daktari. Mwaka 2016 makato ya kurejesha mkopo yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Rais Samia akaondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na walimu vijana niliowaacha kazini walinipigia simu usiku kwa furaha. Vizuri sana. Lakini mhitimu hupewa miezi 24 tangu amalize masomo kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha. Mwenzake wa shahada nyingine anaitumia yote 24 kutafuta kazi. Daktari akimaliza miaka mitano lazima afanye intaniship, mafunzo ya kazi hospitalini, ya mwaka mmoja ndipo asajiliwe, kwa hiyo nusu ya muda huo imekwisha kabla hajaruhusiwa hata kuomba kazi ya udaktari kamili. Na kazi zenyewe mnajua zilivyo. Wapo madaktari wenye vyeti wanaojitolea hospitalini wakisubiri ajira itangazwe, na nimemkuta mmoja nyuma ya kaunta ya duka la dawa akiuza panado.

Ninachoomba ni hiki. Kikomo kikiwa upande wa mkopo, kiwe na upande wa ada. Chuo kinachopokea fedha za mkopo wa serikali kitangaze gharama yote ya miaka mitano, pamoja na huo utitiri wa michango, kabla mtoto hajathibitisha nafasi yake TCU, na akishaingia isiguswe mpaka ahitimu. Mkilifanya hilo peke yake, mengine naweza kuyasubiri. Mimi nikijua ni gunia 60 kila mwaka kwa miaka mitano, nitakodi shamba, nitalima. Gunia 40 inayogeuka 62 siwezi kuilimia, kwa sababu mbegu nimeshapanda wakati nyongeza inatangazwa.

Hayo mawili mengine ni mepesi kuyaandika kwenye kanuni. Miezi 24 ya daktari ihesabiwe baada ya intaniship. Na anayekubali kukaa kwenye kituo cha afya cha pembezoni, Ileje, Makete, Busokelo au huku kwetu, apunguziwe sehemu ya deni kwa kila mwaka anaokaa. Atakayebaki miaka kumi, deni liishe. Najua Wizara ya Fedha itauliza fedha zitatoka wapi. Ni swali la halali. Na wao watusaidie kuhesabu safari za usiku za kwenda Meta zinagharimu kiasi gani, na nani anazilipia.

Bajeti yenu inaanza tarehe 1 Julai. Kwetu huo ni mwezi wa baridi kali, tunatengeneza mbegu. Mwaka wa nne wa binti yangu mke wangu ameshauandika kwa penseli kwenye daftari: gunia 70, na alama ya kuuliza pembeni.

Kama kuna mmoja wenu atapenda kuja kuona, namkaribisha Machi, wakati vijana wanashona kofia. Atapata chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Aje na gari la juu na viatu vya mvua, na dereva asiyeogopa matope, maana kuanzia Mbalizi kupanda huku hakuna wa kumsukuma bure.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi na mkulima wa viazi,
Umalila, Mbeya.